Maji ya Ruzizi si ya turbini peke yake

Tunajua kama wengi walitarajia leo tuongee juu ya vita ao mishahara ya walimu. Tutaongea maji. Tena si maji ya robine, ni maji ya shamba, kule ku Plaine ya Ruzizi, kutoka Kamanyola mpaka Kiliba. Mwenye kusema kama yeye ni mutu wa muji na shamba haimuhusu, apite soko ya Kadutu, aulize bei ya muchele, kisha asome ku mufuko umetoka wapi.

Ruzizi inaanzia hapa kwetu Bukavu, pale inatoka ndani ya ziwa Kivu, na inaishia ku ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Bujumbura. Kivu iko ku mita karibu 1.460, Tanganyika ku mita karibu 770. Maji inaanguka karibu mita 700 mu safari ya kilometa karibu 120. Njo maana wakubwa wanaupenda huu mto: maji yenye kuanguka ni umeme. Ruzizi I ilijengwa na mukoloni mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II ilianza 1989, na ni ya inchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, kupitia kampuni yao SINELAC. Sasa kuna mupango wa Ruzizi III, megawati 206, za kugawanya sawasawa kwa tatu.

Tusimame kidogo hapo. Inchi zenye kushindwa kusikilizana juu ya mambo mingi zimeweza kukaa ku meza moja, kupima mto na kuandika nani atapata nini. Kumbe inawezekana! Lakini maji ya mulimaji, nani aliipima?

Mu Plaine mvua ni kidogo kuliko huku ku milima, na toka mwezi wa 6 mpaka wa 9 karibu haiko. Ruzizi yenyewe inapita chini. Kuipandisha ku shamba kunaomba pompe na mazuti. Kwa hiyo mifereji mingi ya upande wetu inakamata mito midogo yenye kushuka ku milima ya mangaribi, kama vile Luberizi, Sange na Kiliba. Ni mito yenye hasira. Wakati wa mvua inabomoa kizuizi cha mawe pale mufereji unaanzia, inajaza muchanga ndani. Wakati wa kiangazi inabakia kamba.

Na hapo njo magomvi inaanza. Mwenye shamba juu anafungua maji asubuhi mpaka jioni. Mwenye shamba ya chini anangojea. Ngombe wanashuka kunywa, wanavunja kingo za mufereji, mulimaji na muchungaji wanashikana. Mama mwenye kulima ku mwisho wa mufereji anaenda kufungua maji yake usiku, sababu muchana haimufikie. Na ninyi munajua usiku wa Plaine uko namna gani. Wengi wanakodi shamba. Maji ifike, isifike, mwenye udongo anadai pesa yake ya musimu. Mupunga ukikauka, deni haikauke.

Ngambo ya mto hatusemi ni paradizo. Walimaji wa kule wako na malalamiko yao pia. Lakini Bugarama, upande wa Rwanda, mupunga unalimwa ndani ya ushirika. Imbo, upande wa Burundi, kuna shirika la Leta, SRDI, lenye kazi ya kufuatilia mupunga na maji yake. Mutu anajua mulango gani wa kugonga. Kwetu, mulimaji anagonga kwa shefu, shefu anamutuma kwa agronome, agronome anasema budjeti haijafika.

Sheria haikosekani. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31/12/2015 juu ya maji iko, na inaweka maji mu mali ya umma. Maana yake mukubwa yeyote, hata awe na hektari ngapi, hana haki ya kufunga mufereji kama mulango wa nyumba yake.

Wengine watatuuliza: wakati wa vita, mufereji ni kitu gani? Tunajibu: kijana wa Plaine mwenye mavuno mbili kwa mwaka, ni vigumu kumununua na bunduki ya dola chache. Hatusemi maji itamaliza vita. Tunasema tu nani anafaidika kijana akikosa kazi ya kufanya.

Na sisi wa Bukavu tusijitakase. Chupa na mifuko yetu ya plastiki inateremka mu makorongo, inaingia mu ziwa, inaenda kuziba turbini za Ruzizi I. Kisha tunalalamika juu ya delestaji.

Tunachoomba ni kitu chenye kufanyika. Kila mufereji uwe na kamati yenye kuchaguliwa na walimaji wenyewe, wa juu na wa chini, wanamama ndani, na ratiba ya zamu ibandikwe pale kila mutu anaona. Wachungaji wapewe njia yao na mahali pa kunywesha, wakae pia mu ile kamati. Pesa ya kutengeneza mifereji itangazwe: ngapi ilitoka, nani alipokea, mufereji gani ulitengenezwa. Na pale inchi tatu zinaongea Ruzizi III, mulimaji wa Plaine awe na kiti. Si mufanya-siasa wa Kinshasa mwenye kusema kwa jina lake.

Tumeandika barua kwa bunge la jimbo. Iko hapa ku meza, pamoja na kalamu. Mwenye kuwa na ndugu ku Sange, Luvungi ao Kiliba amupigie simu leo jioni, amuulize mufereji wa kwao ulisafishwa lini na nani alilipa, kisha atuletee majibu. Tutayaunga nyuma ya barua mbele ya kuipeleka.