Mpaka Wenye Daraja: Muundo wa Familia katika Meru na Embu



Mliotoka Meru asubuhi hii mmepita Nkubu, Chogoria na Chuka, kisha mkavuka Mto Thuci mkaingia Embu. Hakuna aliyewasimamisha, lakini kila mtu garini alijua amevuka. Shambani nako ni vivyo hivyo. Mstari wa miti ya mukima humwonyesha jirani jembe lake liishie wapi, ila kuku, watoto na chumvi ya kuazima hupita. Nikitaja mpaka leo, nataja huo. Ukuta ni kitu kingine.

Tiba ya muundo wa familia, inayoitazama mipaka hiyo ndani ya nyumba, ilipata umbo lake kwa Salvador Minuchin, daktari wa akili aliyezaliwa Argentina mwaka 1921. Alianza kuibuni akiwa na wavulana wa shule ya Wiltwyck, jimbo la New York, wengi wao wa familia maskini za Weusi na za Wapuerto Riko. Aliona kwamba kumtibu mvulana peke yake, kisha kumrudisha nyumba ileile, ni kutwanga maji.

Wanafunzi wetu hukariri nusu ya mafundisho yake: mipaka ikilegea mno watu huingiliana, ikikaza mno hutengana. Kisha huenda vijijini, humkuta shosho katikati ya boma, na kwenye faili huandika kwamba bibi anaingilia malezi. Hao hawakumaliza kusoma. Katika kitabu chake kikuu cha 1974 Minuchin alisema bayana kwamba walezi ni akina nani si jambo zito kama uwazi wa kazi zao. Bibi anaweza kuwamo, hata mtoto mkubwa, mradi ijulikane nani anaamua nini.

Meru ina somo lake chungu kuhusu hili. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, kwa kuhimizwa na utawala wa kikoloni, ilipiga marufuku ukeketaji. Siutetei; sheria ya 2011 imeufanya kosa la jinai, na ni haki. Ninachotazama ni njia iliyotumika. Jambo lililokuwa mikononi mwa mama na nyanya liliamuliwa na baraza la wanaume. Wasichana wakaingia porini na nyembe, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka 3 iliyofuata, kwa maelezo ya mwanahistoria Lynn Thomas, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa, wakiwamo wasichana hao. Watu wazima waligombania mpaka, na kazi yao ikawaangukia watoto.

Sasa turudi ng'ambo hii ya Thuci. Kisa hiki nimekichanganya kutoka familia kadhaa, asifichuliwe yeyote. Mama hajaolewa, yuko Nairobi kazini, kila mwisho wa mwezi anatuma pesa kwa M-Pesa. Mwanawe wa miaka 14 analelewa na shosho upande wa Runyenjes. Shule anaikwepa, anashinda stendi na wachuuzi wa muguka, yale majani ya kutafuna. Kwa desturi amepewa jina la babu mzaa mama. Basi mama humwita baba, na shosho humwita mume wangu.

Mshauri mgeni atashtuka. Mimi namwambia atulie, huo ni utani, na utani huo ndio uliokuwa mpaka. Bibi na mjukuu walitaniana kwa sababu ukali ulikuwa na mwenyewe: mzazi. Shosho alimficha mtoto kiboko kisimfikie, akampa kiazi cha moto jioni, na nyumba ikasimama. Mama alipohamia Nairobi, ukali uliachwa mlangoni bila kukabidhiwa mtu. Mke hamwekei mumewe saa ya kulala. Binti naye hamkaripii baba yake, tena kwa simu. Mvulana akabaki mzee wa boma, na kazi ya uzee hakuijua.

Kumwondoa shosho hapo ni kubomoa nguzo pekee iliyobaki. Katika vikao vya namna hii mimi huweka simu juu ya kiti cha peke yake, sauti imefunguliwa, mama awepo. Mvulana namwomba ahame kiti cha kati, aketi karibu na mlango. Kisha nauliza swali moja dogo: saa ya kurudi nyumbani jioni inapangwa na nani?

Kimya huwa kirefu. Familia hii ilikubaliana, baada ya mabishano na machozi kidogo, kwamba ataipanga mama. Shosho atampigia simu ikipita. Nikataka kugusa suala la yale majina ya utani. Shosho akanikatiza: hilo halimo kwenye mkutano, na mume wake hajala tangu asubuhi.