Ujuzi wa Kidijitali Uifuate Kazi: Mada kwa Semina ya Vijana wa Mutanga Nord



Zikitajwa teknolojia na ajira, fikra za wengi wetu humwendea mwandishi wa programu za kompyuta aliyekaa katika ofisi yenye kiyoyozi. Fikra hiyo inawapotosha vijana wa Bujumbura, kwa sababu inawafanya waamini kwamba kazi za kidijitali zipo mahali fulani zikiwasubiri, na kwamba cheti cha kompyuta kitawafikisha huko. Mada hii inatetea hoja nyingine: katika nchi ambayo watu wake wengi wanaishi kwa kilimo, uchuuzi na ufundi, ujuzi wa kidijitali huleta kipato pale unapoungana na kazi ambayo mtu tayari anaifahamu. Kwa hiyo mafunzo yaanzie kwenye kazi, kompyuta ifuate.

Ushahidi upo barabarani. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwezi Machi 2007, huduma za fedha kwa simu zimeenea Afrika Mashariki, na hapa kwetu Burundi tunazijua kwa majina ya Lumicash na EcoCash. Tumtazame wakala mmoja tu. Mtaji wake umegawanyika sehemu mbili: noti alizo nazo mkononi na salio lililo kwenye simu. Wateja wengi wakija kutoa pesa, noti humwishia huku salio likipanda. Wakija kuweka, salio hukauka na droo hujaa noti. Kutwa anahangaika kusawazisha pande hizo mbili, maana upande mmoja ukiisha, mteja huondoka na kamisheni huondoka naye. Akipata ujumbe kwamba ameingiziwa pesa, hatoi noti kabla ya kuangalia salio lake mwenyewe, kwa kuwa matapeli hutunga jumbe zinazofanana kabisa na za kampuni. Kubonyeza vitufe mtu hujifunza kwa muda mfupi. Kinachomweka wakala kazini ni hesabu, uangalifu na uaminifu, sifa zilezile za mchuuzi hodari wa siku zote. Ndivyo ilivyo pia kwa fundi cherehani anayepokea picha ya mshono kwa WhatsApp: simu inamletea mteja wa mbali, lakini nguo ikimbana mteja huyo, hatarudi tena.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya yamekuja mapema mno, kwani ni karibu Mrundi 1 tu kati ya 10 mwenye umeme, na intaneti bado ni ghali kwa walio wengi. Pingamizi hili ni zito, na halifuti wajibu wa serikali wa kufikisha umeme mitaani na vijijini. Hata hivyo, linaipa hoja yangu nguvu zaidi. Umeme ukikatika, darasa lenye kompyuta 20 husimama, lakini huduma ya fedha kwa simu hufanya kazi kwenye simu ndogo ya vitufe, bila intaneti. Kwa uhaba tulio nao, busara ni kuanza na chombo kilichokwisha kufika mikononi mwa watu.

Pingamizi la pili ni kwamba mashine zitawanyang'anya watu kazi, hasa sasa kwa kuwa akili mnemba inaandika barua na kutafsiri. Ni kweli, baadhi ya kazi zitapungua. Anayeishi kwa kuwapigia wengine chapa ana sababu ya kuhofu. Lakini anayetikisika kwanza ni yule ambaye ujuzi wake wote ni chombo chenyewe, maana chombo kikibadilika, habaki na kitu. Tena ujuzi peke yake hautoshi. Mwaka 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama, ambao kazi yao ilikuwa kuchambua maandishi ya kutisha ili kuisaidia ChatGPT iyatambue, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Walikuwa ndani ya uchumi wa kidijitali, na ujuzi walikuwa nao. Nguvu ya kudai ujira wa haki ndiyo waliyokosa. Mafunzo yasiyomfundisha kijana kusoma mkataba na kupanga bei ya jasho lake yanamwandaa kuwa kibarua wa bei rahisi.

Mutanga ina bahati ya kuwa na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Ninaiomba semina hii ipendekeze mambo matatu: wanafunzi wa chuo wapelekwe kwenye karakana na masoko kufundisha papo hapo kazini, masomo yatolewe kwa Kirundi na Kiswahili, kwa kuwa fundi hujifunza upesi kwa lugha anayofanyia biashara, na mafanikio yapimwe kwa kipato cha mwanafunzi baada ya mafunzo. Tusihesabu vyeti. Cheti kisichomwongezea fundi wateja wala kipato hakistahili kugharimiwa na yeyote.