Tunamkumbuka Mama Mwalimu
Maneno ya walimu siku ya kuondoa matanga



Sisi walimu tumepewa dakika chache za kumsema marehemu. Watoto wake na wajukuu wake wamekaa hapa mbele, na msiba ni wao kwanza. Sisi tutasema zaidi ya kazini. Kambi nzima ilimwita Mama Mwalimu, na jina hilo linatosha.

Alikuwa amekwisha kufundisha miaka mingi huko Fizi vita vilipofika mwaka 1996. Alivuka Ziwa Tanganyika na watoto wake, akapokelewa Kigoma, kisha akaletwa hapa Nyarugusu kambi ilipofunguliwa mwaka huohuo. Wengi wetu tunaosimama mbele yenu leo tulikuja tumebebwa mgongoni. Herufi za kwanza tulizipata kwake, chini ya mti, tukiandika mchangani kwa kidole.

Wiki zile za mwanzo, watu wakihangaika na maji na miti ya kujengea, yeye alipita hema kwa hema na daftari moja. Aliandika jina la mtoto, la baba na la mama, kijiji walichotoka na darasa alilofikia. Wako waliomcheka. Aliwajibu kwamba mtoto amekwisha kupoteza nyumba, asipoteze na darasa lake. Ukurasa wa kwanza una neno Zaire. Nchi ilipobadilishwa jina mwaka 1997, alipiga mstari kwa rula, akaandika Kongo juu yake, akaendelea na kazi.

Madaftari yakawa saba. Mtoto asiye na karatasi yoyote alipokataliwa kuandikishwa, Mama Mwalimu aliitwa, akafungua ukurasa. Mara moja yalionyesha kaka na dada waliovuka kwa mitumbwi miwili, wakapangiwa vijiji viwili vya kambi hiihii, kila mmoja akiamini mwenzake amezama. Ni yeye aliyegundua kwamba jina la mama yao ni lilelile, usiku, akisoma kwa kibatari.

Wajukuu wake wanatuambia walijifunza kusoma kwa majina hayo. Jioni aliwaketisha kwenye mkeka, mmoja asome, mwingine asahihishe, na anayekosea jina la mtu alianza ukurasa upya.

Kazini hakuwa mpole, tusidanganyane. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulikuja na maandalizi mazuri yenye malengo na hatua zote. Yeye aliketi nyuma ya darasa, juu ya jiwe, na kipindi kikiisha aliuliza jambo moja tu: ni mtoto gani leo hakufungua kinywa? Ukishindwa kumtaja kwa jina, kesho yake anarudi kuketi palepale. Wenzetu walipoacha ualimu kwa sababu posho haitoshi (na wageni wetu mtuwie radhi, haitoshi kweli), hakuwalaumu. Alichukua watoto wao akawaunganisha na wake.

Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walipoingia kwa maelfu, alikuwa mtu mzima wa miguu mibovu. Alifungua daftari la nane.

Sasa tuna ombi. Madaftari hayo yamo katika sanduku la mbao nyumbani kwa binti yake. Mvua imeyaingia, wino unafifia. Wenzetu waliohamishiwa Marekani bado wanaandika kuomba ushahidi wa masomo yao. Tunaiomba Kamati itupatie sanduku la bati lenye kufuli. Mashirika tunayaomba karatasi na kalamu tu. Tunaomba pia madaftari yenyewe yasichukuliwe kwenda ofisini, maana yana majina ya watu waliokimbia na vijiji vyao, na familia haijaridhia.

Tutayanakili kwa mkono, kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, katika chumba cha darasa la tatu. Mwenye jina lake humo aje alisome mwenyewe, kama limekosewa aseme. Tunaanza na daftari la kwanza, kwa kuwa mchwa wamekwisha kufika ukurasa wa 11.