Deni la Msomi kwa Wanaomlipia

(Hotuba iliyosomwa na karani mwanachama mbele ya mkutano wa chama)



Kamati imeniagiza niseme habari za Chuo Kikuu na watu wenye elimu kubwa, ya kwamba wana kazi gani katika nchi inayotawaliwa kwa kura za watu wake. Mimi si mtu wa Chuo Kikuu. Masomo yangu yalikoma katika shule ya misheni, na tangu siku ile walimu wangu wamekuwa jalada na daftari. Walakini jambo hili latuhusu sisi makarani kuliko tudhanivyo, maana hesabu za fedha zinazowasomesha mabwana hao hupita mikononi mwetu kabla hazijafika kwao.

Wengi wenu mwaujua mfano alioutoa Mwalimu Nyerere juu ya wasomi. Aliwafananisha na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenziwe wamempa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali akawaletee posho. Mfano huu ni mwema, wala sina neno juu yake, illa naona swali moja limesalia. Je, mtu yule akirudi hana gunia, akasema, "Nimegundua kwamba ghala yetu wenyewe yavuja, na mwenye funguo ajua," tutasema amelipa deni au hakulipa? Wenye njaa watamkasirikia, na mwenye funguo atamkasirikia zaidi. Mimi nasema amelipa. Nami nitalionyesha neno hili kwa habari za Chuo cha Dar es Salaam.

Chuo hicho kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza hawakufika 20, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na hapo ndipo kilipoanza kusikika.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi walivaa majoho yao wakaandamana mpaka Ikulu kupinga utumishi wa Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria ilimtaka msomi atumike miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo apokee asilimia 40 tu ya mshahara wake. Bango moja lilidai kuwa enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Rais aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400. Lakini palepale akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mwaka uliofuata likatoka Azimio la Arusha. Kwa hukumu yangu, vijana wale walikuwa na haki ya kusema, bali walisema juu ya sahani yao wenyewe. Mkulima wa pamba aliposikia habari zao, asingeona sababu ya kuacha jembe awatetee.

Sasa tazameni mwaka 1978. Mwezi wa Machi wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya malipo na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Hawakujiombea hata senti moja. Walilishika Azimio lenyewe na kuwakumbusha wakubwa maneno yao. Nao pia wakafukuzwa, mamia kwa mamia. Waliojililia walifukuzwa, na waliowalilia wengine walifukuzwa: adhabu ni ile ile. Hapo ndipo ninapoona taabu. Mwenye nyumba akimpiga mbwa anayeiba nyama, akampiga vile vile anayembwekea mwizi, asistaajabu usiku ule nyumba itakapokuwa kimya.

Labda mtauliza, kwani hapana mwingine wa kusema? Fikirini pamoja nami. Nyongeza ile ya 1978, kabla haijawa neno la barabarani, ilikuwa tarakimu katika karatasi, na karatasi haziendi bila makarani. Lakini sisi twafungwa na kiapo cha siri, nami siwashauri mkivunje. Karani mwenye kuuza siri za ofisi simtofautishi na mwizi wa stempu. Mbunge naye ana kura za kutafuta, tena katika jambo lile alikuwa akipimiwa fungu lake. Mkulima hana karatasi. Basi yuko nani, mwenye kujua hesabu, asiyefungwa na kiapo, wala asiyegawiwa? Ni mwalimu wa Chuo Kikuu na wanafunzi wake. Kiti hicho hakina mtu mwingine wa kukikalia.

Walakini hawezi kukikalia kama mwenye kumwajiri aweza kukivuta wakati wowote. Chuo kilipokuwa Chuo Kikuu cha taifa mwaka 1970, makamu wake wa kwanza, Bwana Pius Msekwa, alitoka katika ukatibu mtendaji wa TANU. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Bwana Symonds Akivaga, alichukuliwa na askari kwa sababu ya barua ya wazi. Ilipata kufika 1990 ndipo wanataaluma walipotoa Azimio la Dar es Salaam, wakidai uhuru wa taaluma na, jambo ninalolisifu, wakiandika humo wajibu wao kwa jamii.

Na katika wajibu huo nina lawama. Wanafunzi wa Mlimani waliwahi kutoa gazeti liitwalo Cheche, tangu 1969. Jina ni la Kiswahili safi, lakini makala zake karibu zote zilikuwa za Kiingereza. Zilisema habari za wakulima na wafanyakazi kwa ushujaa mkubwa. Serikali ilipolipiga marufuku mwaka 1970, ni mchuuzi gani wa Kariakoo aliyeona kwamba amenyang'anywa kitu? Msomi asemaye kwa lugha isiyofika sokoni hujinyima mashahidi siku ya kukamatwa kwake.

Basi nina maombi mawili kwa kamati. La kwanza, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikiisha kufikishwa Bungeni si siri tena. Naomba tuipate kila mwaka, tuwe tukiisoma kwa pamoja, na mwenye kufahamu safu za tarakimu amweleze asiyefahamu, pamoja na jirani zake. Hilo kiapo hakilikatazi. La pili, tumwalike mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu aje aseme nasi kwa Kiswahili, akubali kuulizwa maswali bila kuyaona kwanza. Nauli yake itoke katika mfuko wa chama. Asiyekubali na asimame sasa, maana namwona Bwana Mweka Hazina ameitazama saa yake mara mbili.