Mtoto Hana PF3: Watoto na vijana katika nyumba zenye ukatili

(Mada kwa semina ya walimu wa malezi, maafisa ustawi wa jamii na viongozi wa mitaa)



Naomba nianze na kosa langu. Miaka ya nyuma nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi ya mjini. Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa miaka 10, aliyekuwa akilala darasani. Sisemi kusinzia. Alilala hasa, kichwa juu ya daftari, mate yanamtoka. Ilikuwa zaidi Jumatatu, na zile siku mbili tatu baada ya mshahara kutoka. Nilimsimamisha. Nikamtoa nje akanawe uso. Siku ya tatu nikamchapa. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, mkuu wa shule aruhusu na viandikwe kwenye kitabu; mimi sikuomba ruhusa wala sikuandika. Kilichonishtua ni kwamba hakulia. Alinyoosha mkono kama abiria anayelipa nauli.

Wiki chache baadaye tulikagua usafi, wanafunzi wakaambiwa wavue viatu. Vifundo vya miguu yake vilikuwa na michubuko, mingine mibichi, mingine imeota sugu. Nikamuuliza viatu vinambana? Akasema, "Nalala navyo, mwalimu." Kwa nini ulale na viatu? "Mama akikimbia usiku, nisibaki."

Baba yake hakuwahi kumgusa yeye, na kwa maelezo ya majirani alikuwa akimpenda sana. Mtaa mzima ulijua kwamba mama anapigwa. Hakuna hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyewahi kusema kwamba mle ndani kuna mtoto mwenye tatizo.

Nililokuja kulisema leo linatoka kwenye viatu vile. Mama akipigwa akafika kituoni, anaandikiwa fomu ya polisi ya PF3, anakwenda nayo hospitali, daktari anajaza jeraha liko wapi na lina ukubwa gani. Mtoto aliyekuwa nyuma ya pazia hana PF3. Tunamwita shahidi, na mara nyingi hata ushahidi hatumwombi. Taratibu zetu, kuanzia ofisi ya walimu mpaka polisi, zimejengwa kumwona mwenye alama mwilini. Mtoto huyu ameumizwa kama mama yake, na sisi tuliopo humu ndio tunaopaswa kujifunza kumwona bila alama.

Ukuta usiofika paa

"Watoto walikuwa wamelala." Kauli hii nimeisikia kwa akina baba, nimeisikia kwa akina mama wenyewe, na nimeisikia mezani kwa wasuluhishi. Hebu tuitazame nyumba yenyewe. Familia nyingi za mjini zimepanga chumba kimoja, au chumba na sebule. Watoto wanalala sebuleni, kwenye godoro linalotandikwa baada ya taarifa ya habari. Kati yao na wazazi kuna pazia. Nyumba haina dari. Ukuta umeishia kwenye boriti na sauti inapita juu kama moshi wa mkaa. Mtoto anayejua kwamba leo kuna jambo hapati usingizi. Anafumba macho. Anajua hatua za baba akiwa bado kwenye korido, anajua bodaboda ya nani imemshusha, na kwa namna komeo linavyogongwa anajua usiku utakuwaje.

Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini na kortisoli: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakatika. Ni msaada mkubwa ukikutana na nyoka shambani, maana baada ya dakika chache yamekwisha. Shida inakuja pale nyoka anapolala humo humo ndani. Mwili unabaki macho kwa miezi na miaka, tena katika umri ambao ubongo bado unajengwa, hasa zile sehemu za kumbukumbu, umakini na kujizuia. Ndiyo maana mtoto huyu daftari likidondoka anaruka, lakini ukimwuliza tebo ya saba anakutazama tu. Akili yake iko zamu, anasikiliza mlango ambao uko kilomita mbili kutoka darasani.

Kuna wenzetu wanaodhani haya ni matatizo ya mafukara. Mwaka 1998 huko Marekani, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao walichapisha utafiti uliowauliza maelfu ya watu wazima wa San Diego kuhusu utoto wao. Wengi wao walikuwa watu wa kipato cha kati, wenye bima ya afya. Utafiti ulipanga mambo saba mabaya ya utotoni, na mojawapo lilikuwa mama kufanyiwa ukatili. Liliwekwa mstari mmoja na mtoto mwenyewe kupigwa au kunajisiwa. Kadiri mtu alivyokuwa amepitia mengi kati ya hayo saba, ndivyo alivyoelekea zaidi kwenye ulevi, sonona na kujaribu kujiua, na hata kwenye magonjwa ya moyo. Yaani pazia la sebuleni linaweza kuja kuonekana kwenye kliniki ya moyo miaka 40 baadaye.

Kwa wanaopenda takwimu, UNICEF ilikadiria mwaka 2017 kwamba watoto milioni 176 wa chini ya miaka mitano duniani, mmoja kati ya kila wanne, wanaishi na mama anayefanyiwa ukatili na mwenza wake. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 27. Kupungua huko ni habari njema. Lakini asilimia 27 bado ni zaidi ya mmoja kati ya wanne, na wengi wao wana watoto.

Tuwatazame kwa umri wao

Mtoto mchanga hajui maneno, ila anajua kifua kilichomshika kimekaza. Hanyonyi vizuri, analia, halali. Mama anaambiwa amezaa mtoto wa kulialia, na wakati mwingine anashauriwa ampeleke kwa mganga.

Wa miaka mitatu hadi sita huanza kurudi nyuma. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza upya, na kwa hilo anachapwa. Kigugumizi kinaingia. Lakini kama kweli mnataka kujua anayoyaona, kaeni chini ya mwembe mwangalie mchezo wa baba na mama. Niliwahi kukaa hivyo nikisubiri kikao. Vizibo vya soda vilikuwa sahani, mchanga ulikuwa wali. Mvulana wa miaka kama mitano akarudi "kazini" akipepesuka. Hakusema neno. Yule msichana aliyekuwa mama, kabla hata hajafikiwa, alivuta khanga, akajifunika kichwa kwa mikono miwili, akainama. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akainuka akapakua, wakala. Wenzao hawakucheka wala kushangaa. Kwao ile ilikuwa sehemu ya mchezo, kama kupika.

Kuanzia miaka saba mtoto anatafuta sababu, na sababu iliyo karibu ni yeye mwenyewe. Ugomvi ulianzia kwenye hela ya daftari. Daftari ni langu. Basi mama kapigwa kwa ajili yangu. Hapo ndipo mtoto anapoacha kuomba daftari, nasi shuleni tunamwadhibu kwa kukosa daftari. Wengine wanakuwa walinzi: wanaficha panga chini ya godoro, wanagoma kwenda shule ili mama asibaki peke yake. Tumbo linauma kila asubuhi. Zahanati wanampa dawa ya minyoo, anarudi tena, wanampa tena.

Vijana ndio tunaowakosea zaidi, kwa sababu wao hawaonekani kama watoto. Mvulana wa miaka 15 ana misuli, na ipo siku atasimama mlangoni. Kesi zinazoletwa kwetu kwa jina la "mtoto kampiga baba" ukizifukua utakuta zilianza miaka kumi nyuma. Mwingine hasimami mlangoni, anaondoka. Waulizeni wanaofanya kazi na watoto wa mitaani Mwanza au Dar es Salaam. Kipigo cha nyumbani hakikosi katika masimulizi yao. Na yupo wa tatu ambaye hasemwi sana, yule anayejiunga na upande wenye nguvu. Anaanza kumjibu mama kwa maneno ya baba, sauti ile ile.

Msichana naye anamkimbilia mwanamume wa kwanza anayemwita kwa sauti ya chini. Sauti ikija kupanda hashangai, maana ndivyo anavyojua nyumba ilivyo. Katika utafiti ule wa 2015/16, wanawake asilimia 58 walikubali kwamba kuna sababu walau moja inayompa mume haki ya kumpiga mke. Wanaume walikuwa asilimia 40. Wanawake wamezidi wanaume! Rai hiyo hawakuzaliwa nayo. Waliisikia ikisemwa, na wengine waliiona ikitendeka, kabla hawajajua kusoma.

Hapa niweke tahadhari, maana semina nyingine huharibu kwa kutia chumvi. Mtoto aliyeona haya hajaandikiwa kuwa mpigaji au mpigwaji. Hatari inapanda, lakini wengi wanakua wakawa wazazi watulivu, na baadhi yao wamekaa humu ukumbini. Jambo linalojirudia kwa waliosalimika ni mtu mzima mmoja wa kutegemewa: bibi, mama mdogo, ustadhi wa madrasa, kocha wa mpira. Mtu ambaye mlango wake hauogopwi. Kwa hiyo tusimtungie mtoto jina la "yule wa nyumba ya vita". Jina hilo litamfuata mpaka sekondari.

"Vumilia kwa ajili ya watoto"

Tunaipenda sana ile methali ya tembo wawili na nyasi. Mimi nimeiacha, kwa sababu inadanganya mahali pamoja: inasema tembo wanapigana. Katika nyumba nyingi ninazozungumzia hakuna wanaopigana. Yupo anayepiga na yupo anayepigwa, na mtoto anajua tofauti hiyo vizuri kuliko wasuluhishi wanaoanza kikao kwa "nyote wawili mna makosa."

Kisha linakuja neno la uvumilivu. Mama anaambiwa na wakwe, na wazazi wake, mara nyingine na viongozi wa dini, avumilie kwa ajili ya watoto. Nakubali kwamba anayesema hivyo huwa na nia njema, na siungi mkono kumwambia mama abebe mabegi usiku huo huo. Wanaofuatilia mambo haya wanajua kwamba saa ya kuondoka inaweza kuwa ya hatari kuliko zote, hivyo inatakiwa mipango. Ninachokataa ni kuwatumia watoto kama sababu bila kuwatazama. Kwenye bodi za usuluhishi wa ndoa tunauliza watoto watabaki kwa nani. Hatuulizi walikuwa wapi usiku ule, na wamelala wapi tangu usiku ule.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya ukatili, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Uganda walitunga sheria mahususi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010 na Kenya mwaka 2015. Tanzania Bara tumebaki na vipande vilivyotawanyika. Hilo ni la wabunge. La kwetu ni kwamba hata vipande tulivyonavyo hatuvitumii kwa mtoto.

Mfano wa kutia moyo upo jirani. Shirika la Raising Voices la Kampala lilibuni programu iitwayo SASA!, iliyowatumia wakazi wenyewe kuzungumza na majirani zao kuhusu matumizi ya nguvu na mamlaka ndani ya ndoa. Utafiti uliofanywa kati ya 2007 na 2012 uliikuta mitaa iliyofikiwa ina ukatili wa kimwili pungufu kwa takriban nusu ukilinganisha na mitaa isiyofikiwa. Watoto wanaoshuhudia nao walikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu, ingawa programu haikuwalenga watoto. Waliongea na watu wazima tu, saluni, kwenye vijiwe, na barazani.

Kesho asubuhi

Walimu, badilisheni swali. "Kwa nini hukulala?" ni swali la mashtaka, na mtoto atajibu "sijui, mwalimu." Ulizeni, "Jana usiku ulilala wapi?" Hilo analiweza. Msimwahidi kutunza siri, maana hamtaweza. Mwambieni nani mwingine atajua na kwa nini. Na tafadhali, msikimbilie kumwita baba shuleni mkamwuliza mbele ya mtoto. Mtoto atarudi naye nyumbani. Anzeni kwa mwalimu wa malezi, kisha afisa ustawi wa jamii wa kata, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, haina gharama, na si ya watoto pekee. Mwalimu aliyekwama naye apige.

Wenyeviti wa mitaa, mnapoandika malalamiko ya mama, ongezeni mstari mmoja: watoto wangapi, umri gani, walikuwa wapi. Maafisa wa dawati, mstari huo msiuruke.

Yule binti hatimaye alihamia kwa bibi yake, alipoanza darasa la tano. Mwezi mmoja baadaye bibi alikuja shuleni kuuliza kama ni kawaida mtoto kukataa kuvua viatu wakati wa kulala. Nilimwambia amwache. Alivivua mwenyewe, kwa maelezo ya bibi, mwezi wa Ramadhani, wakati nyumba nzima inaamka usiku kwa daku bila mtu kupiga kelele.

Kwenye karatasi mlizogawiwa kuna kisa cha mvulana wa kidato cha pili aliyekutwa na kisu kwenye begi. Kila kundi liandike mambo mawili: nani atapigiwa simu kwanza, na mtoto huyo leo usiku atalala wapi. Tukitoka chai tutaanza na kundi la wenyeviti.