Mtu wa Mawasiliano Hakai Bure

Wengi wanadhani afisa mawasiliano wa shirika ni wa kupiga picha semina na kuposti tu. Kijana akichukuliwa usiku, yeye ndiye hukaa na mamake akaandika: saa ngapi, wapi, gari lilikuwaje, nani aliona. Katiba, kifungu cha 49, yataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yataka ofisi ya serikali ijibu ndani ya saa 48 habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu. Hiyo barua haijiandiki, jamani! Na jina la shahidi lisipostiwe, hata laiki ziwe elfu. Kwanza wakili apate nakala.