Pera, Kidonge na Ndimu za Manowari: Kuchagua Chanzo cha Vitamini C

Vitamini C nyingi inayouzwa duniani leo huanzia kwenye mahindi. Viwandani, na vilivyo vingi viko China, wanga wa mahindi huvunjwa kuwa glukosi, glukosi hugeuzwa kuwa sorbitoli, kisha bakteria huachiwa kazi ya kuichachua ndani ya matangi makubwa. Baada ya hatua nyingine kadhaa hubaki fuwele nyeupe, kali ulimini, zinazoyeyuka upesi majini. Hizo ndizo hushindiliwa kuwa vidonge vya kumeza, vya kutafuna na vile vinavyotoa povu kwenye glasi. Ndizo pia hutiwa kwenye juisi za pakiti na kuandikwa pembeni kwa herufi ndogo: E300.

Habari hiyo inamhusu mhudumu wa afya anayeulizwa kliniki, "Nimnunulie mtoto vitamini za duka la dawa, au matunda yanatosha?" Wapo wanaoamini kwamba cha kiwandani ni sumu iliyopambwa, na wapo wanaoamini kwamba kidonge chenye milligramu 1,000 lazima kilishinde pera la shilingi chache. Mada hii inapingana na pande zote mbili. Hoja yake ni kwamba chanzo cha vitamini C kipimwe kwa mambo mawili: ni kiasi gani kinamfikia mlaji kabla hakijaharibika, na kinamfikia pamoja na nini.

Tuanze na kile kisicho na ubishi. Asidi askobiki, ambalo ndilo jina la kikemia la vitamini C, ni ileile iwe imetoka kwenye chungwa au kwenye tangi. Mwaka 1933 Tadeusz Reichstein aliitengeneza katika maabara yake nchini Uswisi, na mwaka uliofuata kampuni ya Hoffmann-La Roche ikaiingiza sokoni kwa jina la Redoxon. Wakati huohuo Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, alikuwa akiikamua kwa kilo kutoka pilipili za mji wa Szeged. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Fuwele za pilipili na fuwele za maabara zilikuwa kitu kimoja.

Jambo hili linaweza kuonyeshwa mbele ya darasa lolote. Kijiko cha unga wa muhogo hukorogwa kwenye maji ya moto, mchanganyiko huachwa upoe, kisha hutiwa matone mawili matatu ya ayodini ya kusafishia vidonda. Maji hugeuka buluu iliyokolea, karibu na weusi. Yakidondoshewa maji ya pera lililopondwa na kuchujwa, rangi hufifia mpaka inatoweka kabisa. Kidonge kilichoyeyushwa hufanya vilevile. Maabara kubwa zinaweza kutofautisha viwili hivyo, lakini kwa njia moja ya kushangaza: mahindi hubeba kaboni nzito zaidi kidogo kuliko michungwa na mipera, na alama hiyo hubaki ndani ya kidonge. Kwa mwili haina maana yoyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwapa vijana wa kiume nusu ya tunda la kiwi kwa siku, na wengine kidonge cha milligramu 50, kwa wiki sita. Kiwango cha vitamini kilipanda kwa kadiri ileile katika makundi yote mawili.

Kwa hiyo asitokee mtu wa kumtoza mgonjwa bei ya juu kwa chupa iliyoandikwa "vitamini C ya asili" bila kusoma nyuma yake. Vidonge vingi vinavyotajwa kuwa vya tunda la waridi mwitu ni asidi askobiki ya kiwandani iliyochanganywa na unga kidogo wa tunda hilo.

Imani kwamba cha asili kinatosha kwa sababu tu ni cha asili iliwahi kuua watu. Mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa ndani ya manowari ya Uingereza HMS Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa vitamini C, katika jozi sita na kila jozi akaipa tiba yake: siki, maji ya bahari, pombe ya matofaa na nyinginezo. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu ndani ya siku chache. Ilichukua mpaka mwaka 1795 jeshi la majini kuwapa mabaharia maji ya malimau kwa utaratibu, na kiseyeye kikakaribia kusahaulika. Kisha, katika miaka ya 1860, malimau ya Mediterania yalibadilishwa kwa ndimu za makoloni ya Karibiani. Ndimu ina vitamini C pungufu kuliko limau, na maji yake yalikaa muda mrefu, yakapita hewani na kwenye mabomba ya shaba, na shaba huiharibu vitamini hii upesi. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Mwaka 1875 msafara wa Uingereza ulioongozwa na George Nares ulielekea Aktiki ukiwa na shehena ya maji ya ndimu, na kiseyeye kikawaangusha mabaharia wake. Yalikuwa maji ya tunda halisi, na yaliendelea kuwa machachu. Vitamini ndiyo ilikuwa imebaki kidogo mno.

Uchachu huohuo unawapotosha wengi hata leo. Ukwaju, ambao vinywa vingi vya pwani huuhesabu kuwa mfalme wa vitu vichachu, una chini ya milligramu 5 za vitamini C katika kila gramu 100. Uchachu wake unatokana na asidi nyingine. Chungwa lina kama 50. Pera, ambalo halimkunji mtu uso, hupita 200, na pera moja la wastani humtosheleza mtu mzima kwa siku nzima na kubakiza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza milligramu 45 kwa siku, Marekani 90 kwa mwanamume. Ubuyu nao una sifa ya haki. Vipimo hutofautiana sana kutoka mti hadi mti, lakini unga wake mkavu kwa kawaida huzidi chungwa mara kadhaa, na tangu mwaka 2008 unaruhusiwa kuuzwa katika masoko ya Umoja wa Ulaya. Ila sifa hiyo ni ya unga mkavu. Ubuyu wa rangi uliopikwa kwenye sukari inayochemka, au juisi iliyochemshwa na kukaa kwenye ndoo tangu asubuhi, ni habari nyingine.

Moto, hewa, mwanga na maji: hivyo ndivyo vinavyoipoteza vitamini C jikoni. Mchicha unaochemshwa na maji yake kumwagwa umeshapoteza sehemu kubwa. Sukuma wiki iliyokatwa mapema sokoni ikakaa juani hupoteza kabla ya kufika kwenye sufuria. Kisamvu kibichi kina vitamini C nyingi, lakini lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu ili sumu ya sianidi itoke, na hapo hakuna mjadala: usalama hutangulia, vitamini itafutwe kwingine.

Itafutwe kwenye kachumbari, kwa mfano. Nyanya, kabeji, hoho na maji ya ndimu, vyote vibichi, vilivyokatwa muda mfupi kabla ya kula. Hapa ndipo chakula kinapoizidi chupa. Vitamini C husaidia utumbo kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mboga za majani, chuma ambacho bila msaada sehemu yake kubwa hupita tu. Lazima viliwe kwa pamoja. Familia inayokula ugali na maharage kisha ikateremshia chai ya rangi inazuia sehemu kubwa ya chuma hicho kuingia. Ikibadilisha chai kwa chungwa, inakifungulia njia. Kidonge kinachomezwa na maharage kingefanya kazi hiyohiyo, lakini hakina nyuzinyuzi, hakina foleti, na hakina karotini ya papai na embe. Katika nchi ambako upungufu wa damu kwa wajawazito bado ni mzigo mkubwa, ushauri kuhusu sahani moja iliyopangwa vizuri una uzito kuliko ushauri kuhusu kidonge.

Wapo lakini ambao kidonge ndicho haki yao. Katika miaka ya 1980 kiseyeye kilizuka kwenye kambi za wakimbizi Somalia, Ethiopia na Sudan, kwa sababu mgao ulikuwa nafaka, maharage na mafuta, pasipo tunda wala mboga mbichi. Wafadhili walijaribu kuongeza vitamini C kwenye unga wa mahindi na soya, na majaribio hayo yalifika Tanzania katika miaka ya 1990. Kikwazo kilionekana jikoni: uji ulipochemshwa, sehemu kubwa ya vitamini iliyoongezwa ilitoweka. Mtu aliyefungiwa, aliye kambini, mzee anayeishi peke yake kwa chai na mkate, mgonjwa asiyeweza kutafuna: hao wapewe vidonge bila kuhubiriwa habari za asili.

Tena vya dozi ndogo. Mwili hufyonza sehemu kubwa ya vitamini C ikiwa kiasi ni cha kawaida; dozi ikipita gramu moja hufyonza chini ya nusu, na ziada iliyoingia kwenye damu hutoka kwa mkojo. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2013 yalionyesha kuwa watu wazima wanaoitumia kila siku hupata mafua kama wengine, ila huugua muda mfupi zaidi kwa asilimia 8 hivi. Wanaoanza kuinywa baada ya makamasi kuanza hawakuonyesha faida ya uhakika. Wakati wa Korona bei za ndimu na malimau zilipanda masokoni kwetu kwa matumaini makubwa kuliko hayo.

Dozi kubwa zina gharama yake mwilini: kuharisha, na kwa baadhi ya watu, hasa wanaume, mawe ya figo. La kutisha zaidi ni dripu za vitamini C zinazouzwa, hata saluni, kwa ahadi ya kung'arisha ngozi. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD akitiwa dozi kubwa kwenye mshipa, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kupasuka kwa wingi ndani ya muda mfupi. Upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi, ukiwemo mwambao wa Afrika Mashariki, na wengi walio nao hawajawahi kupimwa. Mhudumu wa afya anayesikia mteja akitaja dripu ya namna hiyo amwelekeze kwanza hospitali akapimwe G6PD, na amweleze bila kumumunya maneno kwamba saluni si mahali pa kuchomwa sindano ya mshipa.